Mjeledi wa Usiku: Kuisoma Tena Adili na Nduguze Mwambaoni mwa Tanganyika

Riwaya nyingi za maajabu husomwa mara moja zikaisha. Msomaji akishajua nani alimgeuza nani, nani alimwoa nani na hazina ilifichwa wapi, hamu inakatika. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa na Macmillan mwaka 1952, haiko hivyo, ingawa kwa miaka mingi imechukuliwa kana kwamba iko hivyo. Ina yote wanayoyatafuta wapenzi wa hadithi za mapenzi na maajabu: ndugu watatu na urithi wao, safari ya baharini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, binti aliyebaki hai peke yake katikati ya mawe hayo, na jini wa kike anayelipa wema kwa wema na uovu kwa adhabu. Vizazi kadhaa vya Watanzania na Wakenya vilikutana nayo shuleni, vikaijibia maswali, kisha vikaiacha rafuni kama kitabu cha watoto kinachokataza wivu. Ninadai hapa kwamba kitabu hiki kinamngoja msomaji mtu mzima, tena msomaji wa mara ya pili, kwa sababu ubaya wa wivu si swali lake kubwa. Swali lake ni hili: familia ikishavunjwa na mtu wa ndani, aliyeumizwa afanye nini na ndugu ambaye hawezi kumkana? Na mahali pazuri pa kulisoma swali hilo ni mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Ujiji hadi Katonga, kwa kuwa ziwa hilo lina hadithi yake ya kale yenye swali lilelile na jibu lililo kinyume kabisa.

Kwa aliyeisahau, kisa chenyewe kinakwenda hivi. Adili ni mtawala wa Janibu, chini ya mfalme Rai wa Ughaibu. Ana sifa ya haki na upole, lakini ana siri: nyumbani kwake anafuga manyani wawili, na kila usiku anawacharaza kwa mjeledi. Mjumbe wa mfalme anayegundua jambo hilo analipeleka mbele, na Adili anatakiwa ajieleze. Hapo ndipo tunarudishwa nyuma. Manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Baba yao alipofariki waligawana mali sawasawa. Wawili wakasafiri kibiashara wakarudi mikono mitupu, na Adili akagawana nao tena kile alichokuwa amekizalisha. Baadaye wakasafiri wote watatu. Katika safari hiyo Adili akaokoa maisha ya kiumbe ambaye kumbe ni Huria, binti wa kijini. Akafika katika mji wa mawe, akamkuta Mwelekevu, yule binti aliyebaki hai peke yake, wakapendana. Ndugu zake hawakuweza kuuvumilia ustawi huo. Wakamtupa baharini. Huria akamwokoa, akawageuza wale wawili manyani, na akamfunga Adili kwa sharti: awapige kila usiku, la sivyo adhabu itamgeukia yeye mwenyewe.

Ukitazama namna mwandishi alivyoupanga mkasa huu, utaona kwamba aliuandikia msomaji atakayerudi. Hakuanza na urithi wala na safari. Alianza na mjeledi. Katika usomaji wa kwanza sisi tunakaa upande wa mjumbe: tunachungulia, tunasikia kipigo, tunashtuka kwamba mtu anayesifiwa mchana anatesa viumbe visivyoweza kujitetea usiku. Tunamshuku Adili. Katika usomaji wa pili tunayajua yaliyotangulia, na sentensi zilezile zinabadilika mikononi mwetu. Kipigo kilekile kinageuka kuwa huzuni. Mkono unaopiga ndio mkono ambao baadaye unawalisha na kuwabembeleza, na kile kilichoonekana kuwa unafiki wa kiongozi kinaonekana sasa kuwa mzigo wa ndugu. Hakuna neno lililobadilishwa ukurasani. Kilichobadilika ni kwamba tunajua nani yuko ndani ya ngozi ile. Riwaya ambayo tukio lake la kwanza lina maana mbili kamili, moja kwa asiyejua na nyingine kwa anayejua, haikuandikwa isomwe mara moja tu. Ndiyo maana nasikitika ninapoona inaishia kwenye muhtasari wa mtihani, ambao kwa kawaida huyapanga matukio upya kwa mfuatano wa wakati na hivyo kuuondoa ufundi huo wote kwa mstari mmoja wa kalamu.

Sasa tuutazame uchawi wenyewe, maana ndipo hoja yangu inaposimama. Katika hadithi nyingi za kubadilishwa umbo, adhabu inamwangukia mkosaji peke yake: mwovu anageuka mnyama, mwema anabaki huru na kuendelea na maisha. Shaaban Robert anashikilia jambo gumu zaidi. Adhabu ya Huria inamfunga aliyekosewa pamoja na waliomkosea. Adili hapati usingizi wa amani kwa sababu tu ameokolewa. Kila jioni inamrudisha kwenye kosa lile, na analazimika kulitekeleza kwa mkono wake. Akikataa kupiga, anapigwa yeye. Mtu yeyote aliyewahi kuona ukoo ukigombana kwa miaka kumi juu ya kiwanja au nyumba ya marehemu ataitambua hali hii bila kuelezwa: aliyedhulumiwa naye hana uhuru, maana chuki anayotakiwa kuitunza inamdai kazi kila siku. Maajabu katika kitabu hiki yanakifanya kionekane kile ambacho katika nyumba ya kawaida hakionekani. Jirani anaona watu hawasalimiani tu. Mwandishi anatuonyesha manyani na mjeledi.

Tena kuna uchawi wa aina mbili kitabuni, na mara nyingi wasomaji huupita ule wa kwanza mbiombio ili wafike kwenye manyani. Mji wa Mwelekevu umegeuka mawe wote kwa sababu ya ukaidi wa watu wake waliokataa maonyo. Wazazi wake ni mawe. Waliokuwa sokoni ni mawe. Hakuna anayewapiga na hakuna anayewalisha, kwa kuwa hakuna cha kurekebisha tena, jiwe halitubu. Unyani ni kitu tofauti. Nyani anakula, anaumia, anaelewa, analia. Ana mikono na uso unaokaribia wa mtu. Shaaban Robert ameziweka adhabu hizi mbili katika kitabu kimoja, moja inayofunga mlango moja kwa moja na nyingine inayouacha wazi, na Adili amepita katika zote mbili: ametembea katika mitaa ya mji wa mawe kabla ya kuwa na manyani nyumbani kwake. Katika usomaji wa pili ni vigumu kuamini kwamba mpangilio huo ni wa bahati. Mtu aliyeona familia nzima ya mpenzi wake ikiwa mawe, bila mjomba, bila shangazi, bila hata mtoto wa jirani wa kuitikia salamu, anajua thamani ya ndugu ambaye angalau bado anapumua.

Hapa ndipo ziwa linapoingia. Henry Morton Stanley alifika Ujiji mara mbili, mwaka 1871 na tena mwaka 1876, na katika kitabu chake cha 1878 aliandika hadithi aliyosimuliwa huko kuhusu asili ya Tanganyika. Zamani, inasema hadithi hiyo, mahali lilipo ziwa palikuwa na uwanda wenye watu wengi na mifugo. Katika boma la mume na mke fulani palikuwa na chemchemi ndogo yenye samaki wasiokwisha, iliyorithiwa katika ukoo kwa masharti kwamba siri yake isitolewe kwa mgeni yeyote. Mke akampenda mwanamume mwingine, akawa anampelekea samaki kwa siri. Mume aliposafiri kwenda Uvinza kwa shughuli zake, mke akamleta mpenzi wake ndani, akamwonyesha chemchemi. Yule mgeni akanyoosha mkono kumgusa samaki. Mzimu akakasirika, ardhi ikapasuka, maji yakafurika yakaufunika uwanda mzima na watu wake. Mume aliporudi kutoka Uvinza alikuta milima asiyoijua, na alipopanda juu yake akaona maji tu. Akajua kwamba siri imetoka.

Tuichukue hadithi hiyo kwa tahadhari inayostahili. Imetufikia kwa Kiingereza, kupitia kwa msafiri wa kigeni mwenye haraka zake na malengo yake, na ni dhahiri kwamba lawama yote imebebeshwa mke. Hata hivyo mifupa yake ni ya hapa: Uvinza ya chumvi, ambako watu wa ziwani walikwenda kweli kwa biashara, samaki kama neema inayoendana na masharti, mzimu anayelinda mahali. Na mifupa hiyo ni ileile ya Adili na Nduguze. Kuna familia, kuna mali ya urithi, kuna mapenzi, kuna nguvu isiyoonekana inayochunga mipaka, na kuna mtu wa ndani anayeuvuka mpaka. Tofauti iko mwishoni. Hadithi ya ziwa inamalizika kwa adhabu ya aina ya mawe. Kosa la mtu mmoja linamzamisha kila mtu, wakiwemo maelfu ambao hawakujua hata kwamba kuna chemchemi, na mume anayebaki hana wa kumsamehe wala wa kumpiga. Ziwa lenyewe ndiyo hukumu, nalo lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Hakuna hukumu kubwa kuliko hiyo katika hadithi zote za Afrika Mashariki ninazozifahamu, na hakuna iliyo ya mwisho kuliko hiyo.

Msomaji wa Katonga anaisoma riwaya ya Shaaban Robert akiwa na picha hiyo nyuma ya akili yake, hata kama hajawahi kuisoma kwa Stanley. Katonga ni mwalo, upo kusini-magharibi mwa mji wa Kigoma, na maisha ya mwalo yanategemea watu kuaminiana gizani kwa maana halisi kabisa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku, kwa taa, mwezi unapokuwa haupo. Mbalamwezi ikijaa vyombo vinapumzika. Chombo, nyavu na injini ni mtaji mkubwa kwa mtu mmoja, hivyo mara nyingi mtaji huo ni wa baba na wanawe, au wa kaka na wadogo zake, na wanaokaa nchi kavu kuanika na kuuza ni wake, dada na mama zao. Mgawanyo unafanyika asubuhi, ila hesabu ya kweli wanaijua waliokuwa majini. Katika utaratibu kama huo, sura ya ndugu watatu waliomo katika chombo kimoja, mmoja amelala na wawili wanapanga, haihitaji maelezo ya mwalimu. Nayo sura ya baba kufariki na mali kugawanywa ni habari ya kila mwaka katika kila mtaa, kuanzia kwa mzee wa ukoo hadi kwa shehe, hadi mahakama ya mwanzo. Ndiyo maana nasema kitabu hiki ni cha watu wazima. Mtoto anaiona bahari na jini. Mtu mzima anauona mgawanyo wa pili wa mali, pale Adili anapotoa tena jasho lake, na anajiuliza kama wema huo ulisaidia au uliharibu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kukipa kitabu hiki heshima yote hii ni kwamba si cha Shaaban Robert hata kidogo. Kisa kimetoka katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake Nasir na Mansur. Huko wamegeuzwa mbwa, khalifa ni Harun al-Rashid, na karibu kila tukio lina mwenzake. Ni kweli, na hakuna haja ya kulificha; hadithi za Alfu Lela Ulela zilikuwa zimekwisha kusomwa kwa Kiswahili katika tafsiri kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kabla ya tafsiri hizo zilikuwa zikisimuliwa pwani kwa mdomo. Lakini atakayeziweka hadithi hizi mbili kando kwa kando ataona mahali mwandishi wa Tanga alipoachana na chanzo chake. Katika hadithi ya Kiarabu, wale ndugu wakisharudishwa utu wao wanarudia uovu uleule, wanajaribu tena kumwua Abdallah, na mwisho wao ni kifo. Funzo lake ni kwamba mbwa alikuwa ndani yao tangu mwanzo. Shaaban Robert alikikataa kipande hicho. Hasidi na Mwivu wanatubu, wanapokelewa, na kitabu kinafungwa kwa ndoa. Mtu anayekopa kisa kizima kisha akabadilisha mwisho wake anatuambia waziwazi ni wapi alipoweka fikra zake. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo ndiyo kitabu chenyewe. Mengine yote ni njia ya kufikia hapo.

Wapo watakaosema kwamba mabadiliko hayo ni udhaifu: mwandishi mpole aliogopa damu, akatupa mwisho mtamu. Ningekubali kama msamaha ungekuja kirahisi. Haukuja kirahisi. Adili hakuweza kuwasamehe ndugu zake faraghani hata alipotaka kwa moyo wake wote, na hilo ndilo jambo ambalo usomaji wa haraka haulioni. Alikwisha kuwasamehe siku nyingi. Machozi yake ya usiku yanaonyesha hivyo. Bado mjeledi uliendelea. Ulikoma pale tu siri ilipotoka nje ya nyumba, ikafika kwa mtu mwenye mamlaka ambaye hakuwa upande wa mtesaji wala wa mteswa, yaani Rai, naye akalibeba jambo lile na kuwaombea kwa majini. Ilibidi pawe na kusema, pawe na kusikiliza, pawe na mtu wa tatu. Kumbuka pia kwamba uchunguzi wa mfalme ulianza kama tuhuma dhidi ya Adili mwenyewe. Mtu mwema alilazimika kusimama mbele ya wengine akaieleza aibu ya ukoo wake kwa kinywa chake, huku wakosaji wakiwa wamekaa hapo katika umbo la wanyama. Kama hiyo ni njia rahisi, sijui njia ngumu inafananaje. Jamii zetu zimezoea kufundisha kwamba mambo ya nyumbani yasitoke nje, na mafundisho hayo yana busara yake, lakini riwaya hii inaonyesha gharama yake usiku baada ya usiku.

Pingamizi la pili ni la majina. Mhusika akiitwa Hasidi, mwingine Mwivu, na mwema wao Adili, msomaji wa mara ya pili anarudi kutafuta nini? Wahakiki wengi wamelalamika kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni dhana zilizovaa kanzu, na kwa vitabu vyake vingine, Kusadikika cha mwaka 1951 kikiwa kimojawapo, lawama hiyo ina uzito fulani, kwa kuwa huko wahusika hutoa hotuba ndefu kuliko matendo yao. Katika Adili na Nduguze mambo ni tofauti kidogo. Majina yanatangulia kuwahukumu wale ndugu kabla hawajafanya lolote, ndivyo ilivyo. Lakini mwandishi aliyewapa majina hayo ndiye huyohuyo aliyewafungulia mlango wa kutubu. Kama majina yangekuwa hatima, wangeishia kama wenzao wa Basra. Anayesoma mara ya pili, akijua kwamba Mwivu hatabaki mwivu, analisikia jina hilo tofauti kila linapotajwa: limekuwa jambo la muda, kama unyani ulivyokuwa wa muda. Sijui mbinu nyingine katika fasihi yetu ya wakati ule inayomshawishi msomaji amshuku mtoa majina mwenyewe.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na katika Mkoa wa Kigoma halipaswi kujibiwa kwa wepesi. Kwa nini kuwapa watu hadithi za uchawi, katika nchi ambako imani za uchawi zimemwaga damu? Wazee, hasa wanawake, wameuawa katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa Victoria kwa kudhaniwa wachawi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya uongo wa waganga. Kigoma na Rukwa zinawajua kamchape, vikundi vinavyoingia vijijini vikidai kufichua wachawi, jambo ambalo mtaalamu wa mila Roy Willis alikwisha kuliandika kuhusu Ufipa mwaka 1968 na ambalo halijakwisha hadi leo. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na bado. Basi wapo wazazi na viongozi wa dini wanaoona kwamba kila simulizi la majini na watu kugeuzwa wanyama linaongeza kuni motoni.

Naliheshimu pingamizi hilo, lakini naamini linachanganya vitu viwili vinavyokwenda pande tofauti. Kamchape anaanza na msiba usio na maelezo, mtoto amekufa au nyavu zimerudi tupu, kisha anatafuta mtu wa kubebeshwa. Nguvu yake yote iko katika tuhuma isiyo na ushahidi dhidi ya mtu asiye na wa kumtetea. Riwaya ya Shaaban Robert inakwenda kinyume hatua kwa hatua. Kosa linajulikana, waliolitenda walikamatwa wakilitenda. Adhabu haikutolewa na binadamu, na binadamu anayeitekeleza anaichukia. Anayetuhumiwa kwa ukatili, yaani Adili, anapewa nafasi ya kujieleza hadi mwisho bila kukatizwa, na maelezo yake yanabadilisha hukumu. Huo ni utaratibu wa shauri, na kamchape hana shauri. Mtoto aliyeisoma riwaya hii akaielewa amejifunza kwamba kinachoonekana usiku kupitia dirishani, hata kiwe cha kutisha namna gani, kinaweza kuwa na maelezo ambayo mchunguliaji hana. Hilo ndilo somo ambalo umati unaomzunguka bibi kizee mwenye macho mekundu ungelihitaji kuliko jingine lolote. Kuwanyima watu hadithi za maajabu hakuiondoi imani ya uchawi. Kunawaachia waganga na kamchape peke yao kazi ya kusimulia.

Kuna upungufu mmoja ambao sitautetea. Mwelekevu. Katika usomaji wa kwanza yeye ni mshangao mkubwa wa kitabu, binti mmoja aliye hai katika mji wa mawe, aliyeshika imani yake wakati wazazi wake na jamii yake yote wanaangamia. Ni mtu mwenye nguvu kuliko Adili, kwa kuwa Adili alivumilia ndugu wawili wabaya, yeye alisimama peke yake dhidi ya mji mzima. Unaporudi mara ya pili ukitarajia kumsikia zaidi, unakuta kwamba akishaingia katika mapenzi sauti yake inapungua. Ndugu wanamgombania, bahari inawatenganisha, na maamuzi makubwa ya kisa yanabaki kwa Adili, Rai na Huria. Naye alikosewa na Hasidi na Mwivu, lakini suala la msamaha linazungumzwa kama jambo la ndugu watatu na mfalme wao. Tukisema, kama nilivyosema, kwamba ubora wa kitabu uko katika kuileta familia iliyovunjika mbele ya msikilizaji wa haki, basi lazima tukiri kwamba katika shauri lile shahidi mmoja muhimu hakuulizwa vya kutosha. Upungufu huu hauibomoi hoja. Unaonyesha mahali ambapo mwandishi wa 1952 aliishia na mwandishi wa leo anapoweza kuanzia.

Mahali hapo pa kuanzia pako wazi sana mwambaoni mwa Tanganyika. Riwaya ya Kiswahili imekwisha kuyarudia maajabu kwa njia ngumu na za kina tangu wakati huo. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ilimtoa msomaji katika dunia ya kawaida na kumwacha ajitafutie njia. Lakini hadithi ya chemchemi ya Ujiji haijapata, kwa kadiri ninavyojua, riwaya ya Kiswahili inayoistahili, na kuisoma tena Adili na Nduguze kunatupa maswali ya kumkabidhi atakayeiandika. Yule mke alikuwa akiishi vipi ndani ya siri ambayo aliikuta imekwisha kurithiwa, akakabidhiwa masharti yake bila kuulizwa? Mume alijua nini kabla ya kuondoka kwenda Uvinza? Na je, katika uwanda ule wenye watu wengi kiasi hicho, alikuwepo mtu mmoja nje ya boma lao ambaye yeyote kati yao wawili angeweza kumwendea na kusema yaliyomo nyumbani, kabla mkono wa mgeni haujafika majini?